Pampu Imewashwa, Maji Hakuna

Mjomba alikuwa ameshika simu mkono mmoja, mpira wa maji mkono wa pili. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na mstari wa kijani: PAMPU IMEWASHWA. Mpira ukatoa pumzi, ukatema matone mawili yenye kutu, ukanyamaza.

Tulikuwa Naliendele, kwenye kitalu chake cha miche ya mikorosho, saa kumi jioni, jua la kiangazi bado linachoma viriba. Tangi lilikuwa tupu tangu asubuhi.

"Mjomba," akaniambia, "hiki kidude chako kinajibu kilichotokea, au kinajibu ulichokiambia?"

Nikacheka tu. Nikaenda kwenye boksi la umeme, nikakuta ovalodi, kinga inayokata umeme mota ikizidiwa, imeruka. Mchana ule umeme ulikuwa mdogo, mota ikavuta ampea nyingi kuliko kawaida yake, ovalodi ikafanya kazi iliyowekewa. Nikabonyeza kitufe cha kuirudisha, kontakta, ile swichi kubwa ya mota, ikagonga, mota ikanguruma, maji yakapanda.

Maji yalipatikana, lakini lile swali nimelala nalo na kuamka nalo kwa wiki kadhaa sasa.

## Hakuna aliyesema uongo

Kilichonikera ni kwamba ukipita kwenye mfumo mzima, kipande kimoja kimoja, huwezi kumkamata mwongo.

Kwenye boksi la plastiki ukutani kuna Raspberry Pi Zero W, kikompyuta kinachoenea kiganjani, RAM megabaiti 512. Kinatoa Wi-Fi yake chenyewe, kwa hiyo mjomba hahitaji bando. Ndani yake kuna programu niliyoiandika kwa lugha ya C: seva ndogo ya wavuti ambayo simu inaifungua kwa kivinjari cha kawaida. Mjomba akigusa kitufe, ombi linafika kwenye soketi, yaani mlango wa programu kwenye mtandao, programu inalisoma, inapandisha umeme kwenye pini moja ya kikompyuta, pini inavuta rilei, swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, rilei inapeleka umeme kwenye koili ya kontakta, na kontakta ndiyo inayowasha mota. Rilei zile ndogo za kwenye bodi ya bluu hazifai kubeba mota moja kwa moja. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, na viguso vya rilei vitaungana kama vimechomelewa.

Siku ile simu ilituma ombi, na ombi lilifika. Programu ililielewa. Kerneli ya Linux, kiini cha mfumo wa kikompyuta, ilipokea amri ya kupandisha pini, ikarudisha sifuri, maana yake hakuna kosa. Pini ilipanda, nimeipima kwa mita. Rilei nayo ililia "ta", mjomba mwenyewe aliisikia.

Kisha programu ikaandika jibu: 200, sawa, pampu imewashwa.

Kontakta haikuitika, kwa sababu ovalodi ilikuwa imekata njia ya umeme wa koili. Na programu yangu haikuwa na waya wowote unaorudi kutoka kule. Ilijua mpaka kwenye pini, ikaapa mpaka kwenye maji.

## Kwa nini C, basi

Hapa najua nitaulizwa, maana kwenye kundi letu la WhatsApp la mafundi nimeshaulizwa. Kijana mmoja alisema kazi hii ingeisha kwa mistari kumi na tano ya lugha ya Python, ya nini kujitesa?

Ana haki. Kwa mota moja na tangi moja, Python ingetosha, na kile kikompyuta kingeibeba bila kuhema. Hoja ya kwamba C ina kasi siitumii hapa. Mota ya maji haina haraka ya namna hiyo.

Sababu yangu ni nyingine. C, lugha aliyoitengeneza Dennis Ritchie pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, haikufichi viungo. Kazi nyingi unazoziita (yaani function) zinakurudishia namba, na namba hiyo ni juu yako kuiangalia au kuipuuza. Hata `printf` hurudisha namba, jambo ambalo wengi tumeandika C miaka mingi bila kulijali.

Chukua `write`, ile inayopeleka jibu kwenye soketi. Ikirudisha namba 120, mtu anaona: nimetuma baiti 120. Sivyo. Maana yake ni kwamba kerneli imenakili baiti 120 kwenye bafa yake, sehemu ya kumbukumbu ya kungojea, na itajitahidi kuzipeleka. Zimefika? Haijui. Simu ya mjomba inaweza kuwa imetoka nje ya Wi-Fi nusu dakika iliyopita, yuko kwa jirani anakunywa kahawa.

Na mjomba akifunga ukurasa kabla jibu halijaisha, kuna balaa jingine. Upande wa pili ukishafunga soketi na wewe ukaendelea kuiandikia, Linux inaipelekea programu yako ishara inayoitwa SIGPIPE, na kama hukusema chochote kuhusu ishara hiyo, programu inakufa. Kimya kimya. Haiachi hata mstari mmoja wa malalamiko. Seva inayoonyesha picha za harusi ikifa hivyo, mtu ataifungua tena na maisha yataendelea. Seva iliyoshika pini ya mota ikifa, nani anaizima mota?

Dawa ni mstari mmoja tu, `signal(SIGPIPE, SIG_IGN)`, halafu unaangalia mwenyewe `write` imerudisha nini. Ila ukishauandika mstari huo umekubali jukumu: kuanzia hapo, kila jibu utakalolipuuza ni la kwako. Kwenye lugha za juu mtu mwingine ameshakuamulia. Kwenye C hakuna mtu mwingine.

Ndiyo maana swali la mjomba lilinichoma mahali penyewe. Nilichagua lugha inayouliza kila hatua "una hakika?", nikajibu vizuri hatua zote za ndani, halafu ile hatua ya mwisho, ya kwenda nje kwa binadamu, nikaijibu kwa mazoea.

## Wenye chipu walishalijua hili

Katika kutafuta nikarudi kwenye kitabu cha chipu yenyewe, BCM2835, ile iliyomo kwenye Pi Zero W. Huwa sikifungui, maana maktaba za C zinakusitiri nacho. Lakini siku ile nilitaka kuona pini inawashwa vipi pale chini kabisa, mahali ambapo neno linageuka volti.

Kuna rejista, kisehemu cha kumbukumbu ndani ya chipu, inaitwa GPSET0. Ukiandika 1 kwenye biti ya pini yako, pini inapanda hadi volti 3.3. Kuna nyingine, GPCLR0. Ukiandika 1 humo, pini inashuka. Hizo mbili ni za kuamuru tu.

Ukitaka kujua pini ikoje sasa hivi, unasoma rejista ya tatu, GPLEV0. Hiyo ni ya kusoma tu, huwezi kuiandika.

Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu.

Watu waliochora chipu walikuwa na nafasi ya kuweka sehemu moja tu: andika humu, soma humuhumu, utaona ulichoandika. Hawakufanya hivyo. Amri wakaiweka anwani moja, hali wakaiweka anwani nyingine, kwa sababu wanajua pini inaweza kuamriwa kupanda na bado ikawa chini, mathalani kama kuna waya umeigusa ardhi. Ukisoma GPLEV0 unapata ukweli wa pini, hata kama unapingana na ulichoagiza.

Mimi juu kule, kwenye ukurasa wa wavuti, nilikuwa nimevirudisha vitu viwili kuwa kimoja. Kitufe kilikuwa ndicho taa. Ukikigusa kinageuka kijani, na kijani hicho kilitoka kwenye kigezo cha programu, si kwenye mota.

Nikaanza upya kwa kugawanya. Anwani ya kwanza, `/agizo`, inapokea tu, tena kwa POST, ombi la kutuma kitu. (GET, ombi la kufungua ukurasa tu, haifai kuwasha kitu chochote chenye mota. Vivinjari na programu za ujumbe hufungua viungo vyenyewe kabla hujavigusa, vikitafuta picha ya kutanguliza, na hakuna anayetaka kisima kivutwe kwa sababu mtu amebandika kiungo kwenye kundi la familia.) Anwani ya pili, `/hali`, inasoma tu.

## Mia mbili na mbili

Hapo bado lilibaki swali dogo lililonisumbua kuliko yote: `/agizo` ijibu nini?

Namba 200 niliizoea mpaka sikuwa naiona. Lakini HTTP, lugha ya vivinjari na seva, ina namba nyingine iliyokuwepo tangu waraka wa HTTP/1.0 wa mwaka 1996, ule ulioandikwa na Tim Berners-Lee na wenzake: 202. Maana yake ombi limepokelewa, limekubaliwa lishughulikiwe, lakini kazi haijakamilika na huenda isikamilike kabisa. Waraka unakiri wazi kwamba jibu hili halifungi mtu na halina ahadi ndani yake, na kwamba hivyo ndivyo lilivyokusudiwa.

Miaka yote hiyo imekaa pale, na mimi nilikuwa naipita kama nyumba ya jirani nisiyemfahamu.

Niliibadilisha siku hiyohiyo. Sasa mjomba akigusa kitufe, simu inaandika AGIZO LIMEPOKELEWA kwa rangi ya njano. Kijani haiji mpaka maji yenyewe yaseme.

Sisi watu wa Mtwara tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa tofauti hii. Gati letu la kina kirefu na reli iliyokwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga. London iliagiza, mashine zikaja, taarifa zikaandikwa, mwaka 1951 mpango ukafutwa. Gati tunalo, linabeba korosho. Reli iling'olewa. Agizo lilipokelewa, hilo halina ubishi.

## Shahidi naye anahitaji shahidi

Ili maji yaseme, nikafunga sensa ya mtiririko kwenye bomba la nusu inchi linaloingia tangini. Ni ile YF-S201 ya plastiki nyeusi. Ndani ina gurudumu dogo lenye sumaku. Maji yakipita linazunguka, na kila mzunguko unatoa mapigo ya umeme, takriban 450 kwa lita moja. Lita 20 kwa dakika ni kama mapigo 150 kwa sekunde, na kerneli inayahesabu bila jasho. Jambo la kuangalia ni kwamba mapigo yenyewe hutoka kwa volti 5, na pini za Pi hazivumilii zaidi ya 3.3, kwa hiyo weka rizista mbili za kugawanya. Usizisahau.

Kwa muda nikaona nimemaliza. Maji yanapita, gurudumu linazunguka, programu inahesabu, rangi inageuka kijani. Huo ni ukweli uliotoka kisimani wenyewe.

Halafu mchanga ukaingia.

Kisima cha mjomba, maji yakishuka mwishoni mwa kiangazi, huleta mchanga mwembamba. Chembe chache zikikaa kwenye ekseli ya lile gurudumu, linakwama. Maji yanapita pembeni kama kawaida, tangi linajaa, sensa inasema sifuri. Sasa mambo yamegeuka: maji yapo, simu inasema hakuna.

Nikaongeza boya tangini, swichi inayonyanyuka maji yakifika juu. Boya nalo likinasa kwenye ukuta wa tangi linabaki pale lilipo. Ningeweza kuongeza sensa ya ampea kwenye waya wa mota, na huenda nitaongeza, lakini mota ikizunguka kavu nayo inavuta ampea. Kila shahidi ninayemleta ana njia yake ya kudanganyika.

Hapa ndipo nilipobadili mawazo. Nilikuwa nikitafuta sensa itakayoniambia ukweli, ili niandike neno moja kwenye kioo: IMEWAKA au IMEZIMA. Nikaacha kulitafuta neno hilo. Sasa `/hali` hairudishi hukumu, inarudisha ushahidi. Hivi ndivyo ilivyokuwa jioni moja ya mwanzoni:

`{"agizo":"washa","agizo_sekunde":41,"pini":1,"mapigo":0,"mapigo_sekunde":38,"boya":"chini"}`

Isome taratibu. Tuliambiwa tuwashe sekunde 41 zilizopita. Pini iko juu, na hiyo imesomwa, haikudhaniwa. Gurudumu halijapiga hata mara moja tangu tulipoanza kulisikiliza sekunde 38 zilizopita. Boya liko chini. Ukurasa wa simu unayageuza hayo kuwa Kiswahili cha watu: "Nimeagiza iwake. Sioni maji. Angalia ovalodi, kisha mchanga."

Utaona nimeandika sekunde zilizopita, sijaandika saa. Pi Zero haina betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi, na hakuna intaneti ya kuisahihisha, inaamka ikidhani bado ni ule wakati iliouhifadhi mara ya mwisho kabla ya kuzimika. Ukiandika "saa 10:12" unaweza kuwa unamwambia mjomba habari za juzi kana kwamba ni za sasa. Linux ina saa nyingine, CLOCK_MONOTONIC, ambayo haijui leo ni tarehe ngapi lakini inajua imepita muda gani tangu mashine iwake, na hairudi nyuma. Kwa kazi hii ndiyo ninayoiamini. Ushahidi usio na umri wake hauna maana.

## Kuhusu kuiweka intaneti

Wawili watatu wameniuliza kwa nini nisiifungue seva hii kwa dunia, ili mjomba awashe pampu akiwa Masasi.

Siifungui. Mwaka 1988 mdudu wa Robert Morris, programu iliyojisambaza yenyewe, alipita kwenye mashine nyingi za intaneti ya wakati ule, na mlango wake mmoja ulikuwa programu ya C iliyosoma ombi kwa `gets` kuingiza kwenye bafa ya baiti 512 bila kuuliza ombi lina urefu gani. `gets` iliondolewa kwenye kanuni rasmi za C mwaka 2011. Mazoea yaliyoizaa hayajaondolewa popote. Mimi napima urefu wa kila kinachoingia, na bado siapi kwamba sijaacha mwanya.

Tena laini nyingi za simu hazikupi anwani ambayo mtu wa nje anaweza kuifikia, kwa hiyo kifaa chenyewe ndicho kinapaswa kupiga simu nje. Kwa hilo kuna MQTT, utaratibu wa vifaa kutumiana ujumbe kupitia seva ya katikati, uliobuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kuangalia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, na una kitu ninachokipenda sana: kifaa kinapojiunga kinaacha wosia, na kikipotea bila kuaga, seva hiyo inautangaza. Siku nikimwezesha mjomba kuwasha pampu akiwa Masasi, nitapitia huko. Kwa sasa Wi-Fi inaishia kwenye ua wa michongoma, na programu inaishia hapohapo.

## Kitufe anachokitaka mjomba

Baada ya haya yote nikaongeza sheria: pampu ikiagizwa na mapigo yasionekane kwa sekunde 30, programu inaizima. Mota ikizunguka bila maji, sili ya pampu, ile inayozuia maji kuvuja, inaungua, na sili ikiungua ni safari ya mjini na fundi juu.

Mjomba hakuipenda. Hoja yake ni ile ile ya mchanga. Gurudumu likikwama maji yanakuja, yeye anayaona kwa macho yake yakiingia tangini, na kidude kinazima mota mbele yake kwa sababu hakioni. "Sasa mimi na hicho, nani ana macho?"

Nilijaribu kumweleza kwamba siku akiwa msibani hatakuwepo kuona. Akanijibu kwamba siku akiwepo, yupo.

Kwa hiyo kuna kitufe kipya. Kimeandikwa NASIMAMIA MWENYEWE. Ukikigusa, programu inaacha kuamini sensa kwa muda, na kwenye `/hali` unaongezeka mstari unaosema shahidi ni mtu, na ameshuhudia sekunde ngapi zilizopita. Muda ukiisha bila kuguswa tena, sheria ya sekunde 30 inarudi.

Ubishi uliobaki ni huo muda uwe mrefu kiasi gani. Nilikuwa nimeweka dakika mbili. Mjomba akasema dakika mbili hazifiki hata kisimani ukitokea barazani. Nikamwambia zinafika, asiposimama kusalimiana na kila anayepita. Akasema ataishije Naliendele bila kusalimiana na watu?

Nimeweka tano.